Choo cha Siku Tatu

Fundi wa cherehani alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa ya haki. Afisa wa ustawi wa jamii, dada mmoja mwenye miwani, alimpandisha mtoto kwenye mizani, akasoma, akaandika, kisha akauliza bila haya, "Mama, huyu mtoto unampa chakula kweli?"

Mtoto mwenyewe alikuwa binti wa miaka mitano. Fundi alikuwa amemtoa kituo cha watoto, anaishi naye kwa miezi ya majaribio, na hakimu alikuwa bado hajatia saini ruhusa ya kumwasili, awe mtoto wake kisheria. Siku alipotoka kituoni faili lilisema kilo kumi na sita. Sasa kumi na nne. Afisa akasema wazi kwamba atarudi baada ya mwezi mmoja, na kama uzito hautakuwa umepanda, mtoto atarudishwa alikotoka.

Kumpa chakula! Binti alikuwa anakula kama anayekimbizwa. Akimaliza, tumbo linajaa upepo na kunguruma mpaka mteja anayejaribu gauni anageuka kutazama. Na kilichotoka chooni, tusione haya kukisema, kilikuwa cheupe, cha mafuta mafuta, kinaelea, na kinanuka vibaya mno. Fundi alipomuuliza kama tumbo linamuuma, mtoto alishangaa.

"Kwani la kwako haliumi, mama?"

Fundi aliweka mkasi mezani. Mtoto wa watu alidhani binadamu wote wanaishi hivyo!

Kilichomkera zaidi ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa na mkono katika jambo hilo. Miaka mitatu mizima alishona nguo za kituo kile. Mlezi mkuu, mama mmoja mcheshi, alimwambia kila mara, "Fundi, viuno uviachie, watoto wetu wana vitumbo." Naye akaviachia. Alizungusha futi yake ya kupimia, akakuta mabega ya mtoto wa miaka minne na kiuno cha mtoto wa miaka minane, akacheka nao, akakata kitambaa. Huyu binti walimwita Kitumbo, na fundi naye alimwita hivyo hivyo, tena kwa mapenzi. Mtu anayekula kwa kupima miili ya watu! Siku hiyo alijitukana matusi ambayo hapa hayaandikiki.

Akaenda zahanati. Choo kikapimwa mara moja tu, jibu likatoka kwamba hakuna kitu. Nesi akamtazama juu mpaka chini.

"Watoto wa kulea ndivyo walivyo, mama. Hajazoea tu. Na wewe hujawahi kuzaa, ndiyo maana unababaika."

Fundi aligeuka akajiondokea, kwa sababu angefungua mdomo pale wangemtoa na askari. Alikuwa ameshafika mlangoni, machozi ya hasira yanamlenga, ndipo mzee wa maabara alipomfuata.

"Dada yangu, choo cha siku moja usikiamini," alisema kwa sauti ya chini. "Kuna vijidudu vya utumbo ambavyo leo vinatoka, kesho huvioni. Niletee cha siku tatu tofauti, kikiwa bado kibichi."

Basi fundi akafunga duka asubuhi tatu, akashika njia na kikopo alichokizungushia kipande cha kitambaa cha maua, maana hata choo kikitoka kwake kitavaa vizuri. Siku ya kwanza hola. Ya pili hola. Ya tatu mzee alimwita achungulie kwenye hadubini.

"Hawa hapa. Na kwa jinsi mtoto alivyodumaa, si wageni hawa, ametoka nao kituoni. Wanakula wao kwanza, yeye anabaki na makombo."

Dawa ikaanza siku hiyo hiyo. Wiki ya pili choo kikashika rangi. Afisa aliporudi, mizani ikasema kumi na tano na nusu.

"Safi sana, mama!" Afisa alitabasamu na kufunga faili. "Basi jambo limekwisha. Napeleka kwa hakimu."

"Halijakwisha." Fundi aliweka karatasi ya maabara juu ya faili. "Kituoni wamebaki watoto ishirini na wawili. Nimewapima mimi kwa mikono yangu, na matumbo yao ni haya haya. Nataka uandike barua wapimwe wote, siku tatu kila mmoja, na maji wanayokunywa yakaguliwe."

Afisa alivua miwani. Tabasamu lilikuwa limeshapotea.

"Mama, tuongee kiutu uzima. Mlezi mkuu ndiye atakayeulizwa na hakimu kama wewe unafaa kuwa mzazi. Ukimchafulia kituo chake unadhani atajibu nini? Unataka mtoto, au unataka ugomvi?"

Fundi aliogopa. Aliogopa kweli, kwa sababu binti alikuwa pale pale amemshika sketi. Alifikiria kuichukua karatasi yake, kusema asante na kuondoka na mtoto wake akiwa mzima. Hakuna ambaye angemlaumu, na hilo ndilo lililomtia wazimu.

"Navitaka vyote viwili," alisema, akavuta kiti na kumpakata mtoto. "Andika, dada. Sina haraka."