Kitufe Kilichoandikwa "Linganisha"

Picha zote za studio ya dada yangu zilitoweka mchana kweupe tukiwa tunakunywa chai, na hakuna mwizi aliyeingia.

Ngojeni niwaeleze, maana hata sasa roho haijatulia.

Dada ni mpiga picha. Harusi, mahafali, pasipoti, mtaa mzima unamjua. Kompyuta yake ilijaa hadi ikawa inakwama kila saa, akaniomba mimi, mjanja wa mitandao, nimtafutie kampuni ya kumtunzia picha kwenye wingu, yaani huko mtandaoni.

Nikavimba kichwa.

Zilikuwepo kampuni mbili. Ya kwanza ilikuwa na maelezo marefu kuhusu nakala za akiba, nikaona wananipotezea muda. Ya pili ilikuwa na kitufe kimoja kikubwa: LINGANISHA. Nikajua itazilinganisha picha, itoe zinazofanana, mzigo upungue. Nikabonyeza. Namba ya simu nikaandika yangu, nionekane bosi.

Picha zikapanda. Nikamwambia dada ziko salama huko juu, za kwenye kompyuta afute tu apate nafasi.

Akafuta. Tukaketi kunywa chai.

Kumbe kwao kulinganisha ni kufanya pande mbili ziwe sawa. Huku pakawa patupu, na kule pakawa patupu.

Tulikuwa bado tunahangaika na kompyuta alipoingia jirani yetu, fundi cherehani. Mumewe alikuwa amefariki jana yake. Marehemu hakupenda kupigwa picha, ukimwelekezea simu anageuka. Mkewe alitaka zile za harusi yao, alizozipiga dada.

Nikajificha nyuma ya kompyuta. Dada akamshika mkono.

"Jirani yangu, nisamehe. Nimezifuta mimi, kwa mkono wangu."

Yule mjane hakulia. Alishika tumbo lake.

"Mimi uso wake nitaukumbuka. Huyu aliye humu ndani atamjuaje baba yake?"

Alipoondoka nikaipigia kampuni, nimejiandaa kufoka. Binti wa huduma kwa wateja akanijibu kwa upole kwamba mfumo wao haufuti kabla ya kuuliza. Ujumbe ulitumwa kwenye namba iliyosajiliwa, na mwenye namba alijibu NDIYO.

Nikafungua simu. Upo.

"Picha zote zitafutwa pande zote mbili. Unakubali?"

Nilikuwa na kikombe mkono mmoja, mkono wa pili nacheki matokeo ya mpira. Nikabonyeza ndiyo ili uniondokee machoni.

Dada hajui. Tangu siku ile anazunguka kuwaomba wateja msamaha, na mimi namsindikiza, nimeinamisha kichwa kama mtu mwema. Najichukia.

Funzo ni dogo: ukiulizwa unakubali, soma kwanza unachokubali.

Ila hii sijaiandika kwa ajili yenu. Dada husoma simulizi zangu zote, tena huwa wa kwanza.

Dada, niko hapa nje ya mlango wa studio. Ukimaliza kusoma, nifungulie au uniache.