Mutu Aliyenifuata Toka Kituku

Wengi kwa Goma wananijua. Nikipita, watu wa mbao wananiita bosi, wamama wa soko wananiita papa wa depo, na sijachukia. Nilitoka Kiwanja, kule kwa Rutshuru, na masomo ya primaire ya tatu tu kichwani, nikaanza kusukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao, na makala ya kupikia toka Kibati, miguu bila viatu. Leo niko na depo mbili za mbao na nyumba ya mawe, na hakuna aliyenishika mukono. Siyasemi haya kwa kujisifu tu. Nayasema juu mutu akikuona umevaa vizuri, anataka kujua unalala wapi.

Mwaka ule vita ilikuwa imekaribia tena. Barabara ya Kibati ilijaa watu wenye magodoro kichwani, na kwangu nilikuwa nimepokea dada yangu na watoto wake, wamekimbia na nguo za mwilini. Ndani ya muji kulikuwa na woga mwingine. Wenye bunduki hawakuwa wanavunja nyumba ovyo. Walikuwa wanatuma mutu mumoja, mupole, mikono mitupu, akufuate toka soko mpaka kwako, aangalie mulango, arudi kuwaambia. Jirani yangu, muuza vitenge, alifuatwa hivyo muchana. Giza lilipoingia walikuja moja kwa moja, hawakuuliza njia. Alipona, lakini mukono wake wa kuume haunyanyuki tena. Toka hapo niliapa: depo yangu ijulikane na Goma yote, nyumba yangu hapana.

Siku ninayosema, nilishuka soko la Kituku kununua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, juu nyumba ilikuwa na wageni na wageni hawashibi maneno. Nilipokuwa nabishana bei na mama muuzaji, kwa Kinande, luga yetu, nilimuona mwanaume amesimama karibu na mitumbwi. Koti la kahawia, limemupita mwili. Hakuwa ananunua, hakuwa anauza, hakuwa anapakua. Macho yake yalikuwa kwangu.

Nikalipa, nikabeba fuko langu la sambaza, nikapanda kuelekea muji. Naye akapanda.

Nitasema nilivyofanya, maana kuna vijana wanaofikiri kukimbia ndiyo akili. Ukikimbia umemwambia kwamba umemuona, na yeye anaongeza mwendo. Mimi nilisimama kununua maunite ya kupigia telefone. Akainama kama anayefunga kamba za kiatu, na alikuwa amevaa kandambili. Niliingia kwa kinyozi, nikauliza bei ninayoijua, nikamuangalia ndani ya kioo: yuko ng'ambo, anatazama ukuta. Nilivuka barabara bila sababu, akavuka. Nilirudi ng'ambo ya kwanza; akarudi. Hapo "labda" iliisha. Njia ya kwangu ilikuwa kushoto. Nikakata kuume, nikamuita muke wangu kwa telefone.

"Funga mulango mukubwa. Watoto wasitoke. Kuna mutu nyuma yangu."

"Anafuata weye ao anafuata hivyo viatu?" Nilikuwa nimevaa vyeupe.

"Mama, sichezi."

"Nami sichezi. Usimulete hapa."

Akakata.

Niende wapi? Kwa wenye kombinezo, polisi na askari, sikuenda. Wakati ule hukujua nani anakula na nani. Depo ilikuwa mbali, na njia yake inapita kwenye mawe meusi ya volkano, mahali pasipo hata kibanda. Nilitaka watu, watu wengi walioketi. Ndipo nikaona bashe, turubai ya plastiki, imetandwa juu ya avenyu, viti vya plastiki, wanaume wamekaa kimya na moshi unatoka upande wa wanawake. Kilio, ni kusema matanga. Kwetu hakuna anayekuuliza umetoka wapi ukiingia kilio. Nikavua kofia, nikatia uso huzuni, nikaingia.

Sikufika hata kwenye kiti. Mama mumoja wa jikoni alinijia, akapokea fuko langu la sambaza kwa mikono miwili. "Aksanti sana, papa. Mungu akurudishie." Maana mutu hafiki kilio na chakula kisha akarudi nacho. Kabla sijapata la kusema, sambaza zilikuwa ndani ya mafuta. Kwangu walikula maharagi jioni ile.

Nikakaa katikati ya wanaume, nikawaza: nimemushinda. Kiisha yule mutu naye akaingia chini ya bashe, akainamisha kichwa, akachukua kiti kilichonielekea. Mutu anayethubutu kuingia kilio cha watu ili asikupoteze, huyo ametumwa.

Muzee wa familia, blanketi begani, alikuwa anazunguka kusalimia. Alipofika kwangu nikamunong'oneza, "Muzee, unisamehe, mimi si wa hapa. Nafuatwa. Ni yule wa koti."

Hakushituka. Alinitazama viatu, akanitazama uso. "Sambaza ni zako?"

"Ni zangu."

"Basi weye ni wa hapa."

Akasimama katikati ya viti. "Wandugu, tuko na sura mupya. Kila mugeni asimame atuambie alimujua marehemu namna gani. Weye wa koti, anza."

Mutu akasimama polepole. "Alikuwa papa mwema," akasema. "Alitusaidia sana."

Kijana wa nyuma akasema, "Papa gani? Tunamulilia nyanya yetu."

"Labda yeye alimuona na ndevu," mwingine akasema, na wanaume wakaanza kukohoa ili wasicheke. Lakini vijana wa avenyu walikuwa wamekwisha kusimama kwenye njia ya kutokea.

"Mutoto wangu," muzee akamuambia, "hapa tuko na maiti moja. Usitutafutie ya pili. Unafuata nani?"

Akaninyoshea kidole. "Uyu papa. Nilimusikia Kituku, anaongea Kinande kama ya kwetu Kiwanja. Nalala chini ya plastiki pale Kibati na muke wangu, iko na mimba. Hapa sina mutu. Nilitaka kumusalimia, nikaogopa. Nikasema nitamusalimia akifika kwake."

Akifika kwake. Wengine walisikia shida, mimi nilisikia neno lile.

Nikamuhoji Kiwanja yote: soko, kanisa, nani anauza nini kwenye njia ya Rutshuru, pikipiki zinasimama wapi. Alijibu bila kukwama hata mara moja. Wanaume walianza kutikisa kichwa kwa huruma. Mimi nilizidi kuogopa. Mutu aliyezaliwa mahali anasahau kitu kimoja kimoja. Aliyefundishwa hasahau.

"Papa, ni wa kwenu," muzee akaniambia.

"Sawa. Kesho muchana aje depo yangu ya mbao. Aulize mutu yeyote, watamuonyesha."

Walimuletea sahani ya bugali na sambaza zangu, na alipokuwa anakula kwa kichwa chini, mama wa jikoni alinipitisha nyuma, kwenye pengo la ukuta wa mawe, mpaka avenyu nyingine. Nikapanda moto, pikipiki ya kukodi, nikazunguka kartie za muji ambazo sina mutu ndani, ndipo nikaingia kwangu.

Kesho yake alikuja. Nikamupa kazi ya kubeba mbao, na sitadanganya, hakuna anayebeba kama yeye. Nikamutafutia chumba. Muke wake alipozaa, nilikaa kiti cha mbele siku ya ubatizo, nikatoa hotuba ndefu, watu wakapiga makofi. Nimekula kwake mara nyingi. Najua mulango wake unafungwa na kufuli ya namna gani.

Yeye kwangu hajafika. Miaka imepita, jioni tukifunga depo tunatembea pamoja mpaka rompwe, pale barabara zinapokutana, tunaagana pale, nami nangoja mpaka nimuone amepotea ndipo nashika njia yangu, na si njia ileile kila siku. Muke wangu anasema ni aibu. Namujibu kwamba aibu haijatuingilia nyumbani na bunduki.

Juzi aliniuliza mwenyewe. "Bosi, siku ukigonjwa, nitakuja kukuona wapi?"

"Utanipigia telefone."

Akacheka. Nami nikacheka. Tukabaki tumesimama pale rompwe, kila mumoja anangoja mwenzake atangulie.