Pedali Iliyougua Jua la Makambako

Pedali yangu ya kukwaruza sauti ya gitaa niliiunda mwezi wa sita, chumbani kwangu Njombe, nimevaa sweta mbili na koti juu. Transista nilizitoa kwenye redio ya mjomba iliyokufa kabla sijazaliwa: vikopo viwili vya bati, vya madini ya jemaniamu, aina ambayo mafundi wa siku hizi hawaigusi. Nikabadilisha rezista, vile vidude vya kubana umeme, moja baada ya nyingine mpaka gitaa likatoa sauti nzito, kama mzee wa kwaya anayeimba besi huku ana mafua. Nikafunga kasha, nikalipaka rangi nyeusi, nikajiona bingwa.

Nilipiga nayo kanisani kwa miezi kadhaa, kwenye ubaridi wa kuta za mawe, na haikunisumbua hata siku moja.

Mwezi wa kumi na moja bendi yetu ikaalikwa harusini Makambako. Turubai lilitosha wageni tu; sisi tukapangwa juani, saa saba mchana. Maharusi walipoanza kuingia, gitaa langu likatoa noti mbili safi, ya tatu ikakatika katikati.

Mpiga besi, ambaye ni mwalimu wa sekondari, akaniinamia. “Kaka, gitaa lako lina kwikwi.”

Nikabadilisha betri. Kwikwi. Nikabadilisha waya. Kwikwi. Nilipogusa kasha lilikuwa la moto, mkono ukaruka wenyewe. Hapo nikaelewa: transista hizi zikipata joto huvujisha umeme bila kuombwa, na sauti inakabwa.

Shangazi wa bibi harusi alikuwa amekaa kivulini, hatua chache nyuma yetu, akilinda beseni la soda na barafu.

“Kamwene, mama. Naomba ubaridi kidogo.”

“Kamwene. Soda gani?”

“Si soda. Nina mgonjwa wa homa.” Nikamwonyesha kasha.

Akalishika, akaguna. Alilifunga kwenye mfuko wa nailoni, akalilaza juu ya chupa, waya zikining'inia.

“Lisizame, mama. Na lisipoe kupita kiasi, maana hapo nalo linanuna.”

“Na mguu wako utafikaje huku? Nitabonyeza mimi. Wewe inua kidevu tu.”

Ikakubali. Nikiinua kidevu anabonyeza, sauti inajaa uwanja mzima, naye anatabasamu kama vile gitaa ni lake.

Kisha baba wa bibi harusi akasimama kutoa nasaha. Watu kimya. Jasho likanishuka shingoni, nikainua kidevu nijifute.

Shangazi akabonyeza.

Spika zikaanza kuvuma. Mzee akanyamaza, akatazama angani. “Nyuki!” mtu akapiga kelele, na viti vya mbele vikabaki vitupu, mshenga akiongoza mbio. Nilipozima spika, wenzangu walikuwa wameshalala chini kwa kicheko.

Nilikwenda kumwomba mzee radhi. Akanisikiliza hadi mwisho, akauliza, “Kwa hiyo nyuki wenyewe wako kwenye soda?” Akadai awasikie tena, tukampigia wimbo mzima, akacheza.

Niliporudi Njombe nilitoboa kasha, nikaweka kitufe cha kuzungusha mahali pa ile rezista ya mwisho, nikalipaka rangi nyeupe. Sasa nainama na kurekebisha kwa sikio kadiri jua linavyopanda. Juzi, kwenye harusi ya Igwachanya, nimezungusha mara tatu kati ya pilau na keki. Mwalimu ananishauri ninunue transista za silikoni, ambazo hazisumbuliwi sana na joto. Nimezijaribu. Ni nzuri, ila nimeshazoea kuinama.