Baridi ya Bibi Ilitoka Wapi?

Chumba chetu hapa Turffontein kina paa la bati, na Januari hii, rafiki yangu, tunaiva humu kama maandazi. Leo mchana Mama kafungua dirisha eti hewa iingie. Ikaingia kweli, ya moto. Ndipo nikaikumbuka tembe ya Bibi kule Dodoma, nilikolelewa kabla ya kuletwa Joburg.

Tembe ni nyumba ya miti na udongo: kuta nene, paa bapa la udongo vilevile, dirisha dogo la kuchungulia tu. Jua likianza kuwaka, Bibi alifunga kila kitu. "Mlango! Unaniingizia jua!" Nje kuku wanahema midomo wazi, ndani kiza, harufu ya moshi na karanga, na ubaridi mtamu shingoni. Umeme hatuna! Nikamshuku bibi yule. Lazima kaficha kitu: friji, au jini mwenye feni. Siku moja alipokwenda kisimani nikapekua mpaka uvunguni. Maboga tu. Jioni, tukishakula ugali wa uwele na mlenda, aliacha mlango wazi ili upepo upoze kuta. Mimi nikajua ndiyo saa ya jini kutoka matembezi.

Mwaka jana baba mdogo alibomoa tembe, akamjengea Bibi nyumba ya matofali na bati, madirisha mapana ya vioo. "Bibi yenu anafurahi sana," hutuambia akipiga simu ya video. Mama anaamini. Mimi, eish, nina wasiwasi na mtu anayepiga jioni tu. Mbona Bibi hatumwoni mchana?

Basi leo nikampigia Bibi mwenyewe, jua likiwa utosini. Sura yake ikatokea gizani, pembeni yake pembe mbili na ndevu.

"Shikamoo Bibi. Huyo nani tena?"

"Marahaba, mume wangu. Mbuzi."

"Unafanya nini bandani?"

"Sauti! Baba yako mdogo atasikia. Tembe imebaki hapa tu. Akijua nashinda humu, ataona aibu, atabomoa na hapa."

"Na nyumba mpya?"

"Nzuri sana. Inakausha mboga upesi."

Nikaapa kunyamaza. Kisha nikamwomba aelekeze simu ukutani. Udongo tu, wenye alama za vidole vya aliyekandika. Utotoni nilikuwa nikilala nimeubana ukuta kama ule kwa shavu, mchana kutwa, katika chumba kilichokuwa pale ambapo sasa baba mdogo anaegesha pikipiki. Nikaisogeza simu shavuni. Ilikuwa ya moto.