Samaki Wanashukuru, Wameshakula

Mwanangu, niwie radhi kwa mwandiko huu uliolala upande kama mtama uliopigwa na upepo, na kwa herufi nitakazokosea. Shule yangu iliishia darasa la saba, na tangu hapo mkono wangu umeshika fito zaidi ya kalamu. Naandika polepole. Ukikuta nimekata neno nikaliandika tena, usinicheke. Nilikuwa kijana mwenye haya, na haya yenyewe haijaisha yote. Lakini nimesikia kwamba siku hizi vijana wengi mnachimba mabwawa ya samaki nyuma ya nyumba, na maji yakishaota zile nyuzi za kijani mnakata tamaa na kuyafukia. Hilo ndilo lililonikalisha chini leo.

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi hapa njia panda ya Mkiwa, nimepiga magoti ukingoni mwa bwawa la saruji, nimeshika samaki mfu mkononi. Alikuwa mdogo, wa njano, na nyuzi za kijani zilikuwa zimemzunguka mapezi kama uzi unavyomzunguka kuku miguu. Nyuma yangu alisimama Bwana Hamadi, mwenye gesti.

Zilikuwa enzi za ruksa. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yalikuwa yamejaa sabuni na vitenge, mitumba ilikuwa inauzwa kando ya barabara, na malori ya kwenda nchi za jirani yalikuwa yanapita usiku na mchana. Bwana Hamadi, mfanyabiashara wa Singida mjini, aliona mbali. Akajenga gesti hapa, na uani akachimba bwawa, akaleta kutoka Dar es Salaam samaki wa rangi waliofungwa kwenye mifuko ya plastiki yenye maji. Alisema wanaitwa koi. Hawaliwi, ni wa kutazamwa tu. Watu wa hapa walicheka sana. Samaki wa kutazamwa, katika nchi ambayo maji ya kunywa yanafuatwa kwa miguu! Lakini madereva waliwapenda. Mkubwa wao alikuwa mweupe mwenye doa jekundu kichwani, nao wakamwita Bibi Harusi.

Mimi nilikuwa nimemaliza shule na sikuchaguliwa kwenda sekondari. Shangazi yangu, aliyekuwa mpishi wa gesti ile, alinitoa kwetu Kintinku akaniombea kazi. Nikapewa bwawa. Nadhani nilipewa bwawa kwa sababu samaki hawahitaji mazungumzo. Mgeni akiniuliza jina, nilikuwa nalitamka nikitazama vidole vyangu vya miguu.

Sasa, zile nyuzi. Sisi tuliziita nywele za maji. Zinaanza kama ukungu wa kijani kwenye kuta, halafu zinarefuka, zinasukana, mwishowe bwawa zima linakuwa kama kichwa cha mwanamke aliyefumua nywele. Kila alfajiri nilichukua tawi la mgunga lenye miiba, nikalitumbukiza na kulizungusha polepole, nywele zikajiviringa juu yake kama ugali kwenye mwiko. Nilitoa ndoo kwa ndoo. Baada ya siku chache zimerudi, tena nene kuliko zile za kwanza.

Bwana Hamadi alimtazama yule samaki mkononi mwangu. Hakuwa mtu mkali, na hilo ndilo lililoniogopesha, maana alisema kwa upole.

"Binti, nimechoka na hili shimo. Madereva wananiomba pa kulaza malori. Nakwenda mjini. Mwezi ukiandama nitarudi, na nitakuja na lori la kifusi. Nikikuta maji yanaonekana, kifusi nitakitafutia kazi nyingine. Nikikuta nywele, kinaingia humu."

"Na samaki?" aliuliza shangazi kutoka jikoni.

"Atakayewataka atachukua. Na binti atarudi kwao, maana hapatakuwa na kazi."

Mwanangu, sijui kama umewahi kupenda kazi. Mimi nilikuwa nimeipenda ile. Bibi Harusi alikuwa anajua hatua zangu. Nikikaribia, anapanda juu kabla sijainama. Hakuna kiumbe kingine kilichokuwa kinanisubiri namna hiyo.

Watu walinishauri. Wapo walionambia nitie mrututu, ule wanaopulizia zabibu kule Dodoma. Wapo walionambia nimwage maji yote nisugue kwa sabuni. Nilikuwa karibu kuwasikiliza, ila wiki hiyohiyo bibi yangu alikuja kututembelea kutoka Kintinku. Alikuja na kuku, unga wa uwele, na kopo lake la ugoro ambalo hakuliacha hata alipokwenda kanisani. Nikamweleza habari za mrututu.

"Dawa inayoua majani ndani ya maji," alisema, "haiulizi samaki ni nani."

Hakusema zaidi. Jioni alijitandikia khanga ukingoni mwa bwawa, akakaa kutazama.

Jioni ndiyo saa ya madereva. Wakishaoga wanaketi kwenye benchi la uani, kila mmoja na sahani yake, na starehe yao ni kuwarushia samaki. Huyu karanga, yule kipande cha chapati, mwingine tonge la ugali. Maji yanachemka kwa samaki, watu wanacheka, safari inasahaulika kidogo. Aliyewashinda wote ni dereva mmoja mzee, mwili mkubwa, sauti kama honi, tuliyemwita Mzee Shoka, ambaye msimu ule alikuwa anabeba mizigo ya mikoa ya karibu na kulala kwetu karibu kila usiku. Yeye hakurusha vipande. Alikuwa ananunua mkate mzima dukani akiwa bado hajazima vizuri injini, akaumega wote majini kwa mikono yake. Alipolala Mzee Shoka ndipo walipolala wenzake. Akihama gesti, nusu ya malori inahama naye. Kwa hiyo hata Bwana Hamadi alikuwa anamchekea.

Asubuhi nilipokuwa nazungusha tawi langu, Bibi akaja akasimama karibu nami.

"Haya majani nani anayaleta?"

"Yanaota yenyewe, Bibi."

"Hakuna kinachoota chenyewe. Hata hizi mvi zangu zina aliyezileta, naye ni babu yako." Akavuta ugoro, akapiga chafya, akajifuta. "Jana nimemwona mtu anapanda humu."

"Nani?"

"Yule mwanaume mwenye mkate. Yeye anapanda jioni, wewe unavuna asubuhi. Mnalima vizuri sana nyie wawili."

Akanionyesha kwa fimbo. Mkate ambao samaki hawakuumaliza ulikuwa umelala chini, laini kama uji, na juu yake nywele zilikuwa zimesimama za kijani kibichi kuliko kwingine. Akanionyesha pia banda la kuku lililokuwa mwinukoni, jinsi maji ya kunyweshea kuku yanavyoteremka na kinyesi hadi bwawani. Akanionyesha jua, namna linavyolipiga bwawa tangu asubuhi hadi magharibi bila hata jani moja la kulizuia. Kwetu Kintinku, alisema, lambo linalokanyagwa na ng'ombe ndilo linaloota nywele. Lile ambalo wachungaji wanachota maji na kuyamimina kwenye hori pembeni, ng'ombe wasiingie, linabaki na maji ya kuona uso wako.

"Banda tutalihamisha," nikasema. "Kivuli tutajenga kwa mabua ya mtama. Lakini Mzee Shoka ni mgeni, Bibi. Tena ni mkubwa. Nitamwambiaje mtu mkubwa asitoe chakula?"

"Humwamkii?"

"Namwamkia kila siku."

"Basi mlango umeshaufungua. Mbona huingii?"

Nilikuwa natamani akamwambie yeye, na alijua.

"Usinitazame mimi," alisema. "Mimi kesho kutwa naondoka. Unatoka alfajiri kuhangaika na majani kwa sababu unaogopa maneno mawili ya jioni. Hiyo si adabu, mjukuu wangu. Ni woga uliovaa khanga ya adabu."

Maneno hayo yaliniuma. Yananiuma hata sasa ninapoyaandika, ila yaliuma kama jeraha linavyouma likioshwa. Akaona nimeinamisha kichwa, akalainisha sauti.

"Kwetu mtu akikaribishwa chakula naye ameshashiba, hufanyaje?"

"Anashukuru. Anasema ameshakula."

"Anamtukana mwenyeji kwa kusema hivyo?"

"Hapana."

"Basi. Samaki wana mdomo wa kusema hivyo?"

"Hawana."

"Wana wewe."

Siku hiyo tulihamisha banda, shangazi akiwa anatutania kwamba sasa kuku nao wamepewa gesti. Tukachimba mfereji mdogo wa kupeleka maji machafu kwenye mchicha. Tukasimamisha fito na mabua upande wa magharibi. Jioni ikafika, lori la Mzee Shoka likaingia, naye akashuka na mkate kwapani.

Mwanangu, bado naukumbuka umbali kutoka mlango wa jikoni hadi lile benchi. Ni hatua za mtoto, lakini mimi niliziona kama kutoka hapa hadi Itigi. Nikasimama kati yake na maji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Sogea kidogo, nimsalimie Bibi Harusi wangu."

"Samaki wanashukuru, mzee," nikasema. "Wameshakula."

Benchi zima likanigeukia. Halafu utingo wake, kijana mwenye kofia iliyogeuzwa nyuma, akapasuka kicheko.

"Kumbe ana sauti! Mimi nilishamhesabu bubu. Ehe, samaki wamekwambia kwa lugha gani?"

Sijui jibu lilitoka wapi. "Kwa Kigogo. Ndiyo maana hukusikia."

Wakacheka wote, safari hii wakimcheka yeye. Lakini Mzee Shoka hakucheka. Alikuwa ameshika mkate wake, ananitazama. Jikoni nilisikia kijiko cha shangazi kimeacha kugonga sufuria.

"Mkate nimeshanunua," alisema. "Nifanyeje? Niurudishe dukani?"

Nikapiga goti, nikanyoosha mikono yote miwili kama tunavyopokea. "Kilichotolewa hakirudi, mzee. Nitawapokelea. Wakipewa kuliko tumbo, kinachobaki kinaota zile nywele, na nywele ndizo zilizomuua yule mdogo wa njano. Bwana Hamadi amesema atalifukia bwawa. Nakuomba."

Aliyatazama maji nyuma yangu. Kisha akauweka mkate juu ya mikono yangu, taratibu, kama mtu anayeweka mtoto.

"Nimeendesha lori tangu hujazaliwa," alisema, "nimenyimwa njia na mito, nimenyimwa usingizi na askari. Kunyimwa na samaki ndiyo mara ya kwanza." Ndipo akacheka, hadi ndege wa paani wakaruka. "Ukate huo mkate. Tunywee chai sote. Na huyo bibi mwenye ugoro naye apewe."

Bibi, aliyekuwa ameketi kwenye khanga yake kama hayamhusu, akamwamkia "Mbukwenyi", salamu yetu ya Kigogo, kwa heshima zote, akapokea kipande chake.

Tangu siku hiyo Mzee Shoka akawa mlinzi wangu. Dereva mgeni akirusha hata karanga moja, sauti ya honi inamfikia: "Wewe, hao wameshakula! Muulize msemaji wao." Jina likanishika, Msemaji wa Samaki, nami nikalivaa kama kitenge kipya. Asubuhi nilikuwa nawalisha kiasi cha wao kumaliza nikiwa bado nimesimama pale, basi. Nywele hazikuondoka siku moja, la. Niliendelea kuzungusha tawi langu la mgunga, kidogo kila alfajiri. Ila safari hii nilikuwa natoa na hazirudi. Zikapauka, zikakatika zenyewe, na sakafu ya bwawa ikaanza kuonekana vipande vipande.

Mwezi ukaandama. Bwana Hamadi akarudi kama alivyoahidi, na nyuma ya gari lake lori limejaa kifusi. Dereva wa lori akalirudisha nyuma hadi karibu na ua, akashusha kioo, akasubiri aambiwe pa kumwaga.

Bwana Hamadi akaenda ukingoni. Mimi nilisimama nyuma yake, na safari hii sikutazama vidole vyangu. Bibi Harusi alikuwa chini kabisa, na doa lake jekundu lilionekana wazi kama shanga ndani ya glasi. Niliposogea, akasikia hatua zangu, akapanda.

Bwana Hamadi alimfuata kwa macho hadi juu. Halafu akageuka, akamwambia dereva wa lori, "Kamwage mbele, kwenye mashimo ya kuingilia getini. Huku hapana kazi."

Hakunipongeza kwa neno jingine, na sikulihitaji. Malori yaliingia kwa kupita juu ya kile kifusi miaka mingi, na kila yalipoingia nilijua ni njia yangu yanayopita.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Nywele zikiota kwenye maji yako, zitoe kwa mkono na kwa subira; usikimbilie dawa, wala usimwage maji yote, maana samaki ameshayazoea. Lipe bwawa kivuli. Zuia kinyesi kisiingie. Lisha kwa kiasi. Lakini kuliko yote, mtafute anayepanda. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na usipozungumza jioni utavuna majani kila asubuhi ya maisha yako. Iwe ni bwawani, iwe ni nyumbani kwako, iwe ni kazini. Ukishamjua, mwamkie, kisha ingia katika ule mlango. Maneno mazuri humtoa nyoka pangoni, sembuse mkate mkononi mwa mtu mwema. Na wasio na mdomo waliowekwa chini yako, wasemee.

Mungu akupe maji ya kuona uso wako, na watu wa kukusikia unapozungumza kwa sauti ndogo.

Mkono umechoka sasa. Nakuomba uniandikie, hata mistari miwili, uniambie bwawa lako likoje na nani anapanda humo. Mpe barua mtu yeyote wa basi linalopita Mkiwa, mwambie ni ya Msemaji wa Samaki. Itanifikia. Na usiogope mwandiko mbaya, umeshauona wangu.