Matundu ya Ndalahwa

Ile Pijo nyeupe Ndalahwa aliitambua kabla haijazimwa. Ilikuwa ya shirika la umma lililogawa mbegu za pamba mpaka lenyewe likaja kugawanwa kwenye mnada. Miaka kumi na mmoja yeye ndiye alikuwa mchomeleaji wa karakana yao. Mwaka tisini na tatu wakampunguza, kama nywele. Tangu hapo, mwaka wa pili sasa, yupo Mkolani anachomelea vitanda na nondo za madirisha, na gari halijawahi kukanyaga kibandani kwake.

Aliyeshuka ni Mwanabaraka, muuza vitenge, ambaye soko zima linamwita Mama Yassin.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Hebu fungua boneti uone maajabu."

Ndalahwa akafungua. Hakuona maajabu, aliona ujana wake. Matundu mawili ya waya wa redio ya upepo, ile ya kuongelea na ofisi. Manne ya honi ya pili, maana meneja alitaka hata ng'ombe wa Magu wamjue. Moja alilikosea Jumatatu aliyotoka harusini. Yote kayatoboa yeye.

"Mwehu gani huyu alitoboa gari la watu namna hii?" Mama Yassin akauliza. "Alikuwa anatafuta dhahabu?"

Bilali, fundi rangi wa kibanda cha pili, akadakia: "Huyo hakuwa fundi, mama. Huyo alikuwa panya wa serikali."

Ndalahwa akacheka nao. Kisha akainamia injini asionekane uso.

"Ziba yote," mama akasema. "Bilali apige rangi, nisione hata moja. Ukiweza, nyumbani nina pikapu nayo inakusubiri. Ukishindwa, rudi kwenye vitanda vyako."

Ndalahwa akachomoa betri, akasogeza mpira wa mafuta mbali, akafunika injini kwa gunia bichi. Viraka alivikata kwenye boneti kuukuu, kila kimoja kwa kipimo cha tundu lake. Bati la gari si fremu ya kitanda: likipata moto mwingi linajikunja kama chapati, na ulipokuwa na tundu unabaki na dirisha. Basi akawa anagusa nukta moja, anaondoa moto, anakandika kitambaa cha maji, anahamia upande wa pili.

"Unachomelea kama mtu anayesalimia wakwe," Bilali akamwambia. "Neno moja, kimya. Neno moja, kimya."

Alasiri likabaki moja tu, kwenye sinia la betri. Sinia lile alilichonga mwenyewe na kulipa kingo ndefu ili betri isirukeruke barabara ya Geita. Likageuka beseni. Mvua ikawa inajaa humo, bati likaanza kuoza, ndipo akalitoboa. Lilikuwa tundu la aibu, lakini ndilo pekee lenye kazi.

Akiliziba, masika mawili tu na bati limekwisha. Akiliacha, itabidi aseme alijuaje. Akawasha gesi. Akazima. Akawasha tena.

"We, gesi siyo maombi, inalipiwa!" Bilali akapiga kelele.

Akazima kabisa.

Mama Yassin aliporudi, alipapasa kuta za injini kwa vidole vyake vya kuchagulia vitenge. Hakugusa hata kovu. Kisha kidole kikazama.

"Na hili je?"

"Hilo nimeliacha, mama."

"Nilisema yote."

"Sinia hilo nililitengeneza mimi. Lilikuwa linatunza maji, nikalitoboa yatoke." Akaweka chini kitambaa cha maji. "Na yale mengine pia ni mimi. Nilikuwa karakana yao."

Msasa wa Bilali ukanyamaza. Mama Yassin akamtazama Ndalahwa kuanzia kandambili mpaka kofia.

"Kwa hiyo panya wa serikali ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

 Mama Yassin akachukua kopo la Bilali, akachota maji, akayamimina kwenye sinia. Maji yakazunguka, yakaipata njia, yakadondoka mchangani miguuni pa Ndalahwa. Akangoja mpaka tone la mwisho. Sinia likabaki tupu.

"Kesho nakuletea pikapu," akasema, akijifunga kanga upya. "Nayo niliinunua mnada ule ule."

Ndalahwa akainamisha kichwa. "Ya kijani, mama?"

"Ee."

"Ile ina kumi na tisa."