Kosa Langu Liliandikwa kwa Jina la Kaka Yangu

Naomba mnifiche jina. Mimi ni mwanamke wa miaka sitini na nne, mjane, mwalimu mstaafu, sikujaaliwa mtoto. Wazee wetu walitutoa Unguja, mimi na kaka yangu, tukiwa wadogo, tukakulia mji wa Nizwa, Uarabuni. Nisomeni mpaka mwisho kabla ya kunilaani.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimeshapata nafasi ya kusomea ualimu. Kaka alikuwa akinifundisha kuendesha pikapu yake, na leseni sina. Asubuhi moja, njia ya Firq, nikamgonga mtu wa baiskeli, fundi wa gereji. Mguu ukavunjika. Nilibaki kitini, hata mlango sikuufungua. Kaka akanisogeza upande wa pili, akakaa yeye kwenye usukani. Polisi walipofika akasema, "Mimi ndiye niliyekuwa nikiendesha." Nami nikanyamaza.

Alifungwa siku ishirini. Tukadhani yamekwisha. Lakini kila alipoomba kazi ya serikali walitaka cheti cha mwenendo mwema, na kila cheti kilikuja na kosa lile limeandikwa. Mji wa Ibra walimkataa. Mji wa Sur walimkataa. Wazee wa msichana aliyemposa nao wakasikia kuwa aliwahi kufungwa, wakavunja posa. Akaishia mji wa Jalan, kupakia magunia ya tende sokoni. Akaoa huko, akazaa, na mgongo ukamharibika hata miaka arobaini hajafika.

Mimi nilisoma, nikaajiriwa, nikaolewa. Mume wangu hakujua kitu.

Miaka kama sita baada ya mimi kuajiriwa, karani mmoja alimwambia kaka kuwa kosa dogo kama lile anaweza kuomba lifungwe, lisionekane tena kwenye cheti. Aandike barua tu kwa hakimu, akiri na aseme anajuta. Kiarabu cha kaka kilikuwa cha kuongea sokoni, si cha kuandikia hakimu, kwa hivyo akaja kwangu nimwandikie. Nikaandika, nikamsomea. Akaishika kalamu kitambo kizima, asitie saini.

"Mdogo wangu," akasema, "mimi nimeshasema uwongo kwa polisi. Sasa na hakimu nimwambie najuta kwa jambo nisilolifanya?"

"Kaka, ni karatasi tu. Utapata kazi."

"Basi andika ilivyokuwa."

Mimi ndiyo kwanza nimepewa ualimu mkuu. Nikamwambia, "Kaka, nitafukuzwa."

"Haya, khalas, yameisha," akasema. Akamaliza kahawa yake, akarudi Jalan. Barua hakuitia saini, na maneno yale hakuyarudia mpaka alipokufa mwaka jana.

Siku ya tatu ya matanga, mwanawe mkubwa alikaa karibu yangu akaniambia, "Shangazi, Mungu amrehemu baba, lakini alijiharibia mwenyewe. Alimvunja mtu mguu, na sisi ndio tuliolipa. Mimi sijamsamehe bado." Nikamshika mkono. Nilichoweza kusema ni "Muombee dua, mwanangu."

Huyu ndiye anayenipeleka hospitali kila wiki kusafishwa damu, figo zangu hazifanyi kazi. Sina mwengine. Nikimwambia, huenda nikampoteza. Nisipomwambia, kaka yangu yuko kaburini na mwanawe hajamsamehe kosa ambalo ni langu. Kila tukiwa garini nataka kusema, tunafika sijasema.

Nishaurini, jamani, nifanye nini?